Kuchagua pleya ndogo ya muziki: anzia kwenye nyimbo ulizonazo

Wanunuzi wengi wa pleya huanzia dukani: wanatazama umbo, rangi na namba ya GB iliyoandikwa kwenye boksi. Wakifika nyumbani ndipo wanagundua kwamba nusu ya nyimbo hazichezi, nyingine zinajipanga kwa mtindo wa ajabu, na kadi ya GB 128 haisomwi kabisa. Pleya inaweza kuwa nzima na nyimbo nzima, ila haviendani, na hilo lingeonekana mapema kabla pesa haijatoka mfukoni. Kwa hiyo kazi ya kwanza hufanyika nyumbani, kwenye kompyuta ambako nyimbo zako zimehifadhiwa.

Hesabu ulichonacho

Kusanya nyimbo zote kwenye folda moja. Kwenye Windows, ibofye folda hiyo kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Properties, kisha andika pembeni namba mbili: jumla ya GB na idadi ya faili. Wengi huishia kwenye GB, lakini idadi ya faili nayo ina kazi yake, kwa sababu pleya nyingi za bei ya chini zina ukomo wa nyimbo zinazoweza kuorodheshwa. Ukiupita, nyimbo za ziada zinakuwemo kwenye kadi ila pleya haizioni, wala haitoi onyo. Ukomo huo huandikwa kwenye kijitabu cha maelekezo, mara nyingi kwa herufi ndogo kurasa za mwisho, na kwa pleya ndogo huwa nyimbo elfu chache tu.

Kama nyimbo bado ziko kwenye CD au kanda, kadiria. MP3 ya 128 kbps (kilobiti kwa sekunde, yaani kiasi cha data kinachotumika kwa kila sekunde ya sauti) hula karibu MB 1 kwa dakika, ya 192 kbps MB 1.4, ya 320 kbps MB 2.4. WAV iliyotolewa kwenye CD bila kubanwa hula MB 10.6 kwa dakika, na FLAC, inayobana bila kupoteza sauti, ya CD hiyohiyo hushuka hadi MB 5 au 7, kutegemea muziki wenyewe. Wimbo wa bongofleva wa dakika 4 basi ni MB 5.8 ukiwa wa 192 kbps, na karibu MB 25 ukiwa FLAC. Taarab ni habari nyingine: wimbo mmoja wa dakika 12 au 15 unakula nafasi ya nyimbo tatu za kawaida, na mwenye mkusanyiko wa taarab, kaswida na mawaidha ya saa nzima hawezi kutegemea hesabu ya muuzaji. Ile "GB 8, nyimbo 2,000" ya kwenye boksi imepigwa kwa nyimbo za dakika 4 za 128 kbps.

Tuseme una nyimbo 3,000 za dakika 4. Kwa 192 kbps ni GB 17, na kadi ya GB 32 inatosha. Kwa FLAC ni takriban GB 75, hapo unahitaji kadi ya GB 128. Ongeza robo ya nafasi kwa nyimbo zitakazokuja. Na usishtuke Windows ikikuonyesha kadi ya GB 64 kama 59.6. Hujaibiwa: kiwanda huhesabu kwa 1,000, Windows huhesabu kwa 1,024.

Kumbukumbu ya ndani ya pleya ihesabu kwa tahadhari. Sony NW-A306, kwa mfano, inauzwa kama ya GB 32, lakini mfumo wake wa Android ukishachukua fungu lake, zinazobaki kwa nyimbo ni karibu 18. Nyingine, kama Shanling M0 na FiiO M3K, hazina kumbukumbu ya ndani hata kidogo. Bila kadi hazina nyimbo za kucheza. Hilo si kasoro, mradi ununue ukijua kwamba bei ya kadi iko juu yako.

Faili zako ni za aina gani?

Kwenye folda ileile, andika *.m4a katika kisanduku cha kutafutia, uone zinatokea ngapi. Rudia kwa *.flac, *.wma, *.ogg na *.opus.

MP3 huchezwa na kila pleya. Matatizo huanzia kwenye m4a. Nyimbo zilizonunuliwa iTunes, CD zilizohamishwa kwa programu za Apple, na nyingi zilizoshushwa mtandaoni ni za AAC, aina nyingine ya kubana sauti, zenye mkia (herufi za mwisho za jina la faili) wa m4a, na pleya nyingi zilizoandikwa "MP3/WMA/WAV/FLAC" hazizichezi. Usiisome orodha hiyo kwa matumaini: kama AAC haikutajwa, haimo. Mkia huohuo wa m4a unaweza pia kubeba ALAC, ambayo huhifadhi sauti yote bila kupoteza kama FLAC, na pleya inayocheza AAC si lazima icheze ALAC. Opus unaikuta zaidi kwenye sauti za WhatsApp; ukitaka kusikiliza mawaidha uliyorushiwa huko, ama utafute pleya inayoisoma au uzigeuze kuwa MP3.

Kuna kero nyingine isiyosemwa sana: faili iliyovishwa mkia usio wake. Kibanda cha kuingiza nyimbo, au tovuti ya kushushia, hubadilisha .m4a kuwa .mp3 bila kugusa yaliyomo. Simu huicheza, kwa sababu hupekua ndani ya faili. Pleya ndogo huamini mkia, hujaribu kuisoma kama MP3, hushindwa, kisha huruka wimbo au huganda. Programu ya bure ya MediaInfo itakuonyesha kilichomo kweli.

Nyimbo ulizohifadhi ndani ya Boomplay, Spotify au Apple Music usizihesabu kabisa. Kitufe cha kushusha kwenye programu hizo huleta faili iliyofungwa, inayofunguka ndani ya programu hiyo tu. Ukiinakili kwenye kadi ni takataka. Kama mkusanyiko wako wote uko huko, unahitaji pleya ya Android yenye Wi-Fi inayoweza kusakinisha programu hizo. Au baki na simu, uokoe pesa.

Kuhusu kugeuza faili kutoka aina moja hadi nyingine: MP3 ya 128 kbps ukiigeuza kuwa FLAC unapata faili kubwa yenye sauti ileile, maana kilichokatwa hakirudi. Kutoka m4a kwenda MP3 unapoteza tena kidogo. Kama m4a zako ni mia mbili kati ya elfu tano, zigeuze kwa 192 kbps au zaidi uendelee na maisha. Kama ndizo nyingi, nunua pleya inayozicheza. Kanda za zamani zina mvumo wake, na kwa kutembea nazo MP3 ya 192 inazitosha. Nakala ya FLAC ibaki nyumbani.

Aina za pleya utakazoonyeshwa

Ukipita Kariakoo upande wa mtaa wa Aggrey, au Luthuli Avenue pale Nairobi, cha kwanza kuonyeshwa ni kipande kidogo cha kubana kwenye shati: hakina kioo, kina tundu la kadi, vitufe vitano na betri ndogo. Kinafaa kwa kukimbia na kwa mtu mwenye nyimbo mia mbili anazozipenda zote. Ukiwa na elfu tatu ni mateso, kwa sababu njia pekee ya kuufikia wimbo ni kubonyeza "mbele" mpaka ufike.

Kundi la pili ni pleya za vitufe zenye kioo kidogo, kama familia ya SanDisk Clip au RUIZU X02. Hapa ndipo wasikilizaji wengi wanapopaswa kuishia. Unaona jina la wimbo, unachagua kwa msanii au kwa folda, na unaongeza sauti bila kuitoa mfukoni.

La tatu ni pleya ndogo za sauti ya hali ya juu. Shanling M0 ina upana wa sentimita 4 na urefu wa 4.5, inasoma kadi kubwa, na ina Bluetooth inayotuma na kupokea. Udhaifu wake ni kwamba karibu kila kitu kinafanyika kwa kugusa kioo kisichozidi stempu kubwa. Mwenye vidole vinene ajaribu kwanza. Baadhi ya pleya za kundi hili, ikiwemo FiiO M3K na familia inayojumuisha Surfans F20 na HIFI Walker H2, zinakubali Rockbox, programu huru ya kuendeshea pleya iliyoanza mwaka 2001. Rockbox huleta mambo ambayo kiwanda hakikuweka: kucheza bila pengo kati ya nyimbo, kuendelea ulipoachia, aina nyingi zaidi za faili. Kabla ya kununua kwa ajili hiyo, hakikisha toleo halisi la kifaa liko kwenye orodha yao. Majina yanafanana: Sansa Clip+ na Clip Zip za zamani zinaikubali, Clip Sport na Clip Jam hazimo.

iPod ya mtumba bado inaulizwa. Apple iliitoa Oktoba 2001 na ikasitisha aina ya mwisho Mei 2022, kwa hiyo hata ile changa ina betri yenye umri. Ugumu wake ni kwamba haikubali kuburutiwa faili kama flashi. Lazima zipitie iTunes au programu inayojua kuandika orodha yake ya ndani, na FLAC haichezi, isipokuwa kwenye aina zinazokubali Rockbox zikiwekewa. iPod classic ina diski inayozunguka ndani. Iweke sikioni wimbo unapobadilika, ukisikia mlio wa kugonga achana nayo.

Halafu kuna jibu ambalo wauza pleya hawalipendi: simu ya batani. Nokia 110 na wenzake wa bei hiyo wana tundu la kadi ya hadi GB 32, tundu la hedifoni, redio, na betri unayoweza kuitoa na kununua nyingine popote. Kwa MP3 elfu mbili tatu zilizopangwa kwenye folda, inafanya kazi vizuri kuliko pleya nyingi za kundi la kwanza.

Memori kadi

Pleya nyingi ndogo zinategemea kadi, na kadi ndiyo inayoharibu siku. Kadi za hadi GB 32 huja zimefomatiwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga faili kwenye kadi. Za juu ya hapo huja na exFAT, mfumo mpya zaidi. Pleya isiyojua exFAT ikiwekewa kadi ya GB 64 itasema "hakuna kadi" au itakuomba uifomati. Mara nyingi dawa ni kuifomati kadi hiyo kwa FAT32 kwenye kompyuta. Dirisha la kawaida la Windows kwa miaka mingi halikutoa FAT32 juu ya GB 32, kwa hiyo tumia programu ya Rufus au guiformat, na uache ukubwa wa kipande (allocation unit size) kwenye 32 KB. Zipo pleya zinazokataa hata hivyo, kwa sababu ukomo uko kwenye maunzi yenyewe. Kama kijitabu kinasema GB 32, usinunue kadi ya 128 kwa kubahatisha.

Kadi bandia ni nyingi, na ujanja wake ni wa aina moja: ndani mna GB 8, lakini kadi imefundishwa kuitangazia kompyuta kwamba ni 128. Unanakili nyimbo bila kosa lolote. Zile za mwanzo zinacheza. Zinazofuata zinakwaruza, zinakata katikati au zina urefu wa sekunde sifuri. Watu huilaumu pleya. Kadi mpya, kabla ya wimbo wowote, ipime kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux na Mac. Programu huijaza kadi nzima kisha huisoma tena, na kwa GB 64 inachukua saa moja na zaidi. Fanya hivyo ndani ya muda ambao duka linakubali kurudishiwa.

Kuhusu kasi, usilipie zaidi ya Class 10, alama ya kasi inayoandikwa kwenye kadi. MP3 ya 320 kbps inahitaji KB 40 tu kwa sekunde, na hata FLAC nzito ya biti 24 na kHz 192 haifiki MB 1.2 kwa sekunde. Kasi utaihisi siku ya kunakili tu. Hapo tumia kisoma kadi cha kompyuta badala ya waya wa pleya: GB 20 kupitia pleya inayoandika MB 5 kwa sekunde ni zaidi ya saa moja, kupitia kisoma kadi cha MB 20 ni dakika 17.

Vitufe, mpangilio na kuendelea ulipoachia

Jaribu kuitumia pleya ikiwa mfukoni. Ndani ya daladala umeshika bomba kwa mkono mmoja, kioo cha kugusa hakikusaidii kitu. Unataka vitufe vya sauti vilivyotengana na vya kubadili wimbo, na swichi ya kufunga vitufe. Isipokuwepo, pleya itajiwasha ndani ya begi na utaikuta haina chaji.

Hakikisha inaweza kufungua nyimbo kwa folda. Pleya nyingine hupanga kwa tagi pekee, yaani maandishi ya msanii, albamu na namba yaliyofichwa ndani ya faili. Nyimbo zetu nyingi, hasa zilizotoka kanda, redio au vibandani, hazina tagi au zina tagi ya jina la tovuti. Kwenye pleya ya namna hiyo nyimbo mia tano zote zitaingia chini ya "Msanii asiyejulikana."

Kwa mawaidha, mahubiri, vitabu vya sauti na visomo vya Qurani, uliza mambo mawili. Ukizima na kuwasha, inaendelea kwenye dakika ileile au inarudi mwanzo? Na ukishikilia kitufe cha mbele, inaongeza mwendo? Faili ya dakika 90 inayosogea sekunde mbili mbili inachosha. Kwa anayependa maonyesho ya jukwaani, ambako wimbo mmoja unaingia kwenye mwingine huku watu wakipiga makofi, ulizia kucheza bila pengo. Wasipoelewa swali, lijaribu mwenyewe kama ilivyoelezwa hapa chini.

Sauti, hedifoni na Bluetooth

Maandishi ya "Hi-Res" na "24bit/192kHz" yasikuongoze. Kama mkusanyiko ni MP3, pleya haiwezi kuuongezea kisichokuwemo. Kinachosikika kweli ni mambo mawili: mvumo wa chini na nguvu. Spika za masikioni zinazotoa sauti kubwa kwa umeme kidogo, za ohmu 16 hivi (ohmu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), hufichua mvumo: cheza wimbo, bonyeza kusimamisha, usikilize sekunde kumi kabla pleya haijajizima upande wa sauti. Ukisikia "shhh" au mlio unaobadilika kioo kinapowaka, utausikia kila siku usiku. Upande wa pili, hedifoni kubwa za ohmu 250 au 300 hazisukumwi na pleya ndogo ya kawaida. Sauti itafika juu kabisa na bado ni hafifu. Kwa spika za ohmu 16 hadi 32, pleya yoyote nzima inatosha.

Pleya za mtumba zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya huwa na kizuizi cha sauti kinachoanzia desibeli 85. Mara nyingi kinaondolewa kwenye menyu, pengine kwa kubadilisha nchi. Zilizouzwa Japani nazo zikague menyu: kuna aina za Sony zenye Kijapani pekee, na redio ya huko ilianzia masafa ya chini kuliko FM yetu ya 87.5 hadi 108 MHz. Tukiwa kwenye redio: waya wa hedifoni ndio antena. Ukitumia Bluetooth, redio haitashika.

Bluetooth ya bei ya chini hutumia SBC, njia ya kawaida ya kubana sauti inayorushwa, na kwa kelele za barabarani inatosha. LDAC, njia yenye ubora zaidi, ina maana pale tu pleya na hedifoni zote mbili zinayo. Angalia kitu kimoja ambacho maboksi hayasemi: baadhi ya pleya rahisi, Bluetooth ikiwashwa, hukataa FLAC, au hupoteza menyu ya kusogeza wimbo. Jaribu kwa hedifoni zako mwenyewe, kwa sababu pleya hizi zinaweza kugomea aina moja na kukubali nyingine.

Betri

Saa zilizoandikwa kwenye boksi hupimwa kwa MP3, kioo kimezimwa, sauti ya wastani, bila Bluetooth. Kwa FLAC na Bluetooth punguza sana. Pleya isiyo ya Android ni hodari wa kulala siku nyingi bila kumaliza chaji. Ya Android hula chaji hata ikiwa mezani kama simu.

Tazama tundu la kuchajia. USB-C au micro-USB ni sawa. Pleya za zamani za mini-USB, au zenye waya wa peke yake, zinakufunga kwa waya ambao ukipotea ni kazi kuupata. Na waya wowote unaouziwa ujaribu kwenye kompyuta: nyaya nyingi za bei rahisi hubeba umeme tu, hazina nyuzi za data, na pleya itaonekana "haitambuliki." Kwa mtumba, weka pleya juu ya meza bapa, ikiyumba au kioo kimenyanyuka ukingoni, betri imevimba. Usiinunue, na usiichaji.

Kadi ya majaribio ya kwenda nayo dukani

Andaa kadi ya GB 32 iliyofomatiwa FAT32, na kama mkusanyiko wako unataka kubwa zaidi, nyingine ya ukubwa huo yenye exFAT. Weka humo:

1. MP3 moja ya 128 kbps na moja ya VBR, ile yenye kiwango kinachobadilika. Kwenye VBR angalia kama dakika zinazoonyeshwa ni sahihi. Pleya dhaifu husema wimbo wa dakika 4 una dakika 11.
2. m4a ya AAC, na ALAC kama unazo.
3. FLAC ya biti 16 na kHz 44.1, na moja ya biti 24 na kHz 96. Ya pili ikikatakata, kichakataji cha pleya ni dhaifu.
4. Faili ya zaidi ya saa moja. Sogeza hadi dakika ya 40, zima, washa.
5. Nyimbo mbili zinazofuatana za onyesho la jukwaani, kwa ajili ya pengo.
6. Folda ndani ya folda ndani ya folda, yenye wimbo mmoja mwishoni. Kuna pleya zinazoishia ngazi ya pili.
7. Folda yenye nyimbo kumi na mbili zilizoandikwa 01 hadi 12, ulizozinakili kwa makusudi kinyumenyume.

Muuzaji akikataa kadi yako isiingie kwenye pleya iliyofungwa, omba ile ya maonyesho. Akikataa zote, nenda duka la pili.

Kupakia nyimbo

Ile folda ya saba itakuwa imekuonyesha jambo: pleya nyingi hazipangi kwa jina, zinacheza kwa mpangilio ambao faili ziliandikwa kwenye kadi. Ndiyo maana albamu huanza na wimbo wa tano. Baada ya kunakili kila kitu kwenye kadi ya FAT32, pitisha programu ya DriveSort kwenye Windows au fatsort kwenye Linux, itapanga upya orodha bila kunakili tena. Majina nayo yaanze na 01, 02, 03. Ukiandika 1, 2, 3, wimbo wa 10 utakuja kabla ya wa 2.

Tagi zirekebishe kwa programu ya Mp3tag, na uzihifadhi kama ID3v2.3, toleo la tagi ambalo pleya za zamani hulielewa vizuri kuliko 2.4. Kwenye kisanduku cha msanii wa albamu weka jina moja kwa albamu nzima, la sivyo bendi ya dansi yenye waimbaji wanne itagawanyika kuwa wasanii wanne. Jalada la albamu liwe JPEG ya kawaida isiyozidi piseli 500 kwa 500. JPEG zile zinazofunguka taratibu kutoka ukungu hadi picha kamili hazionekani kwenye pleya nyingi, na picha kubwa huchelewesha kuanza kwa wimbo.

Wanaotumia Mac watakuta kila wimbo una pacha unaoanza na "._" na usiocheza. Ni faili za pembeni ambazo Mac huandika kwenye kadi. Zifute kwa amri ya dot_clean -m kabla ya kuitoa. Na kadi au pleya itolewe kwa njia ya usalama kila mara. Kuichomoa tu wakati kompyuta bado inaandika ndiyo sababu kubwa ya folda kugeuka herufi zisizosomeka.

Mara ya kwanza pleya itasoma kadi nzima kutengeneza orodha, na kwa nyimbo elfu kadhaa inaweza kuchukua dakika nyingi. Iache kwenye chaji. Ikiganda kila mara mahali palepale, kuna faili moja mbovu, kwa kawaida yenye tagi iliyoharibika au ukubwa wa sifuri. Anza kwa kufuta faili zote za KB 0. Bado ikiganda, toa nusu ya folda kwenye kadi, ujaribu. Ikipita, ubovu uko kwenye nusu uliyoitoa. Isipopita, uko kwenye iliyobaki. Endelea kugawa hivyohivyo: katika folda 200 utaifikia yenye tatizo kwa majaribio manane au pungufu, kisha zigawe faili zake vivyohivyo hadi uipate iliyo mbovu, uifungue MP3 hiyo kwa Mp3tag, ufute tagi zake zote na kuziandika upya.